Maji ya Zizi Lako Yaenda Wapi?

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34 ya kitabu chake, alitumwa kuwapelekea wachungaji wa Israeli neno kali. Sisi mapadre huisoma sura hiyo kwa hofu, maana yawahukumu wachungaji waliojilisha wenyewe na kuliacha kundi na njaa. Lakini katikati yake mna aya mbili tatu ambazo mara nyingi twazipita upesi. Hapo Mungu hasemi tena na wachungaji, bali asema na kondoo walionona. Awauliza kama haiwatoshi kuyanywa maji safi, hata wayavuruge kwa miguu yao yale yaliyobaki, na wenzao wanyonge wanaofuata nyuma wasipate ila tope.

Tumezoea kuyafasiri maneno hayo kwa mfano: wakubwa na wadogo, matajiri na maskini. Ndivyo yafasiriwavyo, na ni sawa. Lakini juma hili nawaomba tuyasome kama yalivyo, maji yakiwa maji, mifugo ikiwa mifugo, na anywaye chini ya mto akiwa mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Na kwa kuwa si haki kumhubiria mwingine dhambi ambayo mhubiri mwenyewe ameificha, nitaanza kwa kujishitaki.

Miaka michache iliyopita nilikuwa padre msaidizi katika parokia moja ya kando ya ziwa. Misioni yetu ilikuwa na banda la nguruwe mlimani, nyuma ya nyumba ya mapadre. Fedha za nguruwe hao zilisaidia ada ya watoto yatima, nami ndimi niliyekabidhiwa kulisimamia. Nilijivuna kwa usafi wake. Kila asubuhi vijana walimwaga maji ndoo kwa ndoo, wakasugua sakafu mpaka iking'aa, na yale maji meusi yakashika mfereji na kuteremka bondeni. Sikuuliza hata siku moja yaenda wapi. Sisi tulikunywa maji ya mvua, yaliyokingwa kutoka bati la kanisa na kuwekwa tangini.

Jumapili moja baada ya Misa alinijia mama mmoja mzee, mjane wa katekista wetu wa zamani. Alishika chupa mikononi. Akanisalimu, "Tumsifu Yezu Kristu," nikamjibu, "Milele, Amina." Kisha akasema kwa adabu, bila kupandisha sauti: "Baba, twaomba utubarikie maji haya. Sisi wa kule chini ndiyo tunayokunywa, nayo yatoka kwako."

Nikaipokea chupa. Maji yalikuwa na rangi ya majani mabichi, na nilipoifungua nikasikia harufu ya banda letu. Nikafumbua kinywa nisali, nisione la kusema. Nitabariki nini? Kitu nilichokiharibu mwenyewe? Mama yule hakunigombeza. Alisimama tu akingoja baraka.

Ndugu wapenzi, tangu siku ile nimejifunza mambo ambayo sikufundishwa seminarini, nami nadhani yawafaa wote wenye zizi, banda au josho, wawe na ng'ombe wawili au mia mbili.

Jambo la kwanza: samadi si kitu cha kulaaniwa. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe aliitaja katika mfano wa mtini usiozaa, tunaousoma katika sura ya 13 ya Injili ya Mtakatifu Luka. Mwenye shamba ataka kuukata. Mtunzaji amwombea mti ule mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutilia samadi. Basi katika Injili samadi ni chombo cha huruma, ni nafasi ya mwisho apewayo mwenye kukosa. Samadi iliyo chini ya mtini ni huruma, lakini samadi hiyo hiyo ikiwa chemchemini ni madhara. Kitu ni kile kile, tofauti ni mahali pake.

Kwa nini iwe hivyo? Ndani ya mavi na mkojo wa mifugo mna rutuba za namna nyingi, na zilizo kubwa kwa habari hii ni mbili: naitrojeni na fosforasi. Kwa ng'ombe, fosforasi karibu yote hutoka katika mavi, na sehemu kubwa ya naitrojeni hutoka katika mkojo. Ndizo zinazoufanya mgomba unenepe na mahindi yawe ya kijani kibichi. Zikiingia ziwani hazibadili tabia, bali hustawisha chochote kilichoko. Ziwani hakuna mgomba wala mahindi. Kuna mwani, ule utando wa kijani unaoelea juu ya maji yaliyotulia, na kuna magugu maji. Hivyo ndivyo vinavyolishwa. Mwani huongezeka upesi, huziba mwanga, kisha hufa na kuzama. Vijidudu vinavyouozesha hutumia hewa iliyomo majini mpaka iishe, na samaki hukosa pumzi. Mvuvi aonaye sato wanaelea asubuhi wakiwa wamekufa hulaumu sumu au wachawi. Huenda waliokufa wamekosa pumzi kwa shibe ya ziwa, si kwa njaa yake.

Ziwa letu la Viktoria ni rahisi kudhuriwa kwa namna hiyo. Ni pana mno, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 tu, hali Tanganyika hushuka mita zaidi ya 1,400. Tena sehemu kubwa ya maji ya Viktoria huingia kwa mvua inyeshayo juu yake, na sehemu kubwa hutoka kwa kukaushwa na jua. Jua likiyachukua maji halichukui rutuba, yenyewe hubaki. Wataalamu waliolipima ziwa katika miaka ya 1960, na wengine waliolipima tena katika miaka ya 1990, walikuta mwani umeongezeka mara kadhaa, maji yamepungua uangavu, na vilindi vyakosa hewa kwa sehemu ya mwaka. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 magugu maji yalifunika ghuba na bandari, mitumbwi ikashindwa kutoka.

Nisiseme uongo kwa kutaka kuhubiri vizuri: si mazizi peke yake yaliyofanya hayo. Kuna maji machafu ya miji, kuna udongo uliochukuliwa na mvua kutoka mashamba yasiyo na makinga, kuna hata vumbi na moshi wa nyika zinazochomwa, maana fosforasi huanguka pia kutoka angani. Lakini mwizi mmoja hawi mwema kwa sababu wezi ni wengi.

Wala tusifikiri kwamba wenye elimu na fedha wameokoka. Katika Bretagne, jimbo la Ufaransa lililotoa wamisionari wengi, ndimo mnamofugwa zaidi ya nusu ya nguruwe wote wa nchi ile. Tangu miaka ya 1970 rutuba za mashamba na mabanda zimeshuka kwa mito mpaka baharini, zikastawisha mwani wa kijani unaotupwa pwani marundo kwa marundo. Mwani huo ukioza hutoa gesi yenye sumu. Mwezi wa Julai 2009, katika ufuko wa Saint-Michel-en-Grève, farasi alikufa katika tope la mwani, na aliyempanda akazimia. Mwaka 2011 nguruwe-mwitu 36 walikutwa wamekufa penye mlango wa mto mmoja wa huko.

Na Marekani, mwezi wa Agosti 2014, wakazi wa mji wa Toledo na vitongoji vyake, watu zaidi ya laki nne, walikatazwa kwa siku kadhaa kuyanywa maji ya bomba. Ziwa Erie wanakoyachota lilikuwa limejaa mwani wenye sumu, uliolishwa zaidi na mbolea na samadi za mashamba. Waliambiwa hata wasiyachemshe, kwa maana kuchemsha hakuiondoi sumu ile, bali maji hupungua na sumu ikabaki.

Akina mama, shikeni neno hilo. Kuchemsha maji ni jambo jema, huua vijidudu vya kuhara, wala msiache. Lakini kuchemsha hakuondoi rutuba iliyooza ndani ya maji. Naitrojeni ya samadi ikizama ardhini hugeuka kuwa chumvi iitwayo naitreti, nayo huingia visimani bila rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji, kwa ajili ya watoto wachanga hasa. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji yenye naitreti nyingi aweza kushindwa kupata hewa katika damu yake, akabadilika rangi na hata kufa. Mama huyo amechemsha, amesafisha, amefanya yote aliyofundishwa zahanati. Aliyekosa yuko juu ya kilima, naye hamjui mtoto yule hata jina.

Hapo ndipo mambo ya zizi yanapoingia katika amri za Mungu. Amri ya tano haikatazi upanga tu, yakataza pia uzembe unaohatarisha uhai wa mwenzio. Na amri ya saba haikatazi kuiba tu, yaamuru pia kulipa hasara uliyomtia mwingine bila haki. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, Musa ampa sheria mtu aliyechimba shimo asilifunike, akatumbukia humo ng'ombe au punda wa mwingine: lazima alipe. Sheria haimwulizi kama alikusudia. Yamwuliza kama alifunika. Na katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 23, askari wa Israeli waamriwa kuchukua kijiti cha kuchimbia, kwenda nje ya kambi, na kufukia uchafu wao, kwa sababu Mungu mwenyewe hutembea katikati ya kambi. Ni ajabu kwamba Mwenyezi Mungu aliona jambo dogo kama hilo lafaa kuandikwa pamoja na mambo ya agano. Lakini afya ya kambi nzima ilikuwa ndani ya jambo dogo hilo.

Najua mtakayonijibu. Mmoja atasema, "Padre, mimi nina ng'ombe wawili tu." Kweli, lakini bonde moja lina wenye ng'ombe wawili mia tatu, na kila mmoja asema hayo hayo. Mwingine atasema, "Babu zetu walifuga, na maji yalikuwa safi." Je, babu zetu walifuga jinsi tunavyofuga leo? Wengi wao walitembeza mifugo, na samadi ikatawanyika mbugani. Sisi twaifunga mahali pamoja, twanunua pumba na mashudu kutoka mbali, na kila mfuko wa chakula uletwao waongeza rutuba mahali pale ambapo ardhi haikuuzaa.

Na wale mababu waliofuga kwa kufunga, walifanyaje? Watazameni Wakara wa kisiwa cha Ukara, huku huku ziwani. Kisiwa ni kidogo na watu ni wengi, ardhi haitoshi kuchezewa. Wao tangu zamani huwafunga ng'ombe katika shimo ndani ya nyumba, huwakatia majani, huwatandikia takataka za mimea zinyonye mkojo, kisha samadi ile huitoa na kuipeleka shambani kwa uangalifu mkubwa. Na Wahaya waliijenga migomba yao kwa samadi ya ng'ombe waliolishwa nyikani. Hawakuwa na neno naitrojeni, lakini walijua ya kuwa mavi ni mali, na mwenye akili hamwagi mali mtoni.

Basi tufanye nini? Nitayataja kwa mfululizo, kama nilivyofundishwa na bwana mifugo aliyekuja kutusaidia pale misioni.

Kwanza, punguza maji. Zoa mavi makavu kwa koleo kabla ya kumwaga hata ndoo moja. Weka mfereji juu ya zizi na mabomba ya kukinga kwenye bati, ili maji safi ya mvua yapite kando yasichanganyike na machafu. Nusu ya taabu yetu tuliifanya sisi wenyewe kwa kumwaga maji mengi.

Pili, tenga kizito na chepesi. Maji ya sakafu yaingie katika shimo la kutuama, lililosakafiwa kwa saruji au kukandikwa kwa udongo wa mfinyanzi lisivuje, nalo lizungushiwe ua kwa ajili ya watoto. Tope huzama chini pamoja na sehemu kubwa ya fosforasi. Litolewe, lichanganywe na majani makavu, liwe mboji.

Tatu, mwenye uwezo na ajenge mtambo wa biogesi. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimeifundisha kazi hiyo tangu miaka ya 1980. Mama hupata moto wa kupikia, moshi hupungua, msitu hupumzika. Lakini angalieni sana, maana hapa wengi hukosea. Mtambo huo hutoa gesi na kupunguza uvundo, lakini hauondoi naitrojeni wala fosforasi. Yote yaliyoingia humo yatoka katika tope linalobaki. Mwenye mtambo anayemwaga tope lake mtoni hana tofauti na asiye na mtambo, ila anapika chai juu ya kosa lake. Tope hilo ni mbolea bora, lipelekwe shambani.

Nne, maji mepesi yanayobaki yapitishwe polepole katika mabwawa na kisha katika kinamasi cha matete au mafunjo. Humo vijidudu hufanya kazi ya ajabu ambayo Muumba amewapa. Penye hewa, hugeuza naitrojeni ya mkojo kuwa naitreti. Penye tope lisilo na hewa, vingine huigeuza naitreti hiyo kuwa gesi isiyodhuru, ikarudi angani ilikotoka. Lakini fosforasi haina mabawa. Hushikwa na udongo na mizizi tu, na hiyo mimea isipovunwa itaoza na kuirudisha majini. Kwa hiyo kata matete, lisha mifugo au ezekea, ukate tena. Kwenye machinjio na mashamba makubwa wataalamu huweza pia kuigandisha fosforasi kwa chokaa au madini mengine, ikauzwa kama mbolea. Wenye biashara kubwa wasijifiche nyuma ya umaskini wa wenye ng'ombe wawili.

Tano, tumia samadi kwa kiasi na kwa wakati. Shamba nalo lashiba. Nchi za Umoja wa Ulaya, katika agizo lao la mwaka 1991, ziliweka kipimo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta moja kwa mwaka, kwa kuwa zilijifunza kwa uchungu. Usimwage tope siku ile mawingu ya mvua kubwa yamekusanyika, wala juu ya mboga ziliwazo mbichi, wala karibu na kisima. Na kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, au zile ziwezazo kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, aliufundisha ulimwengu kwamba maji safi ni haki ya kila mtu, na kwamba maskini ndio wanaoumia kwanza yakichafuliwa. Wengine walishangaa Papa kuandika juu ya mito na visima. Sisi tuishio kando ya ziwa hatuna sababu ya kushangaa. Tunabatiza kwa maji. Padre hutia tone la maji katika kalisi kila siku. Usiku wa Pasaka twayabariki maji na kuyanyunyiza juu ya watu. Je, twaweza kukiheshimu kitu altareni na kukidharau bondeni?

Ninyi mnaokwenda kitubio, hasa wenye mali, jiulizeni swali hili pamoja na maswali mengine mliyozoea: maji ya zizi langu yaenda wapi? Msiridhike kusema, "Yanatoka uani." Yafuateni kwa miguu. Shukeni nayo mpaka mwisho, mkaone ni nani anayetega ndoo. Na kama mmemdhuru, toba ya kweli haiishi kwa kusema samahani. Yataka kurekebisha.

Mimi nilishuka. Jumatatu baada ya Jumapili ile niliufuata mfereji wetu kwa miguu, na mwendo ulikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, hata robo saa haukufika. Paroko alinisikiliza, tukauza nguruwe nusu, na kwa fedha hizo tukachimba mashimo na kupanda matete. Mifereji ya bondeni ikageuzwa ielekee kwenye migomba. Wakati kazi ikiendelea tuliwafungulia watu wa chini tangi letu la mvua, nasi mapadre tukapanga foleni na ndoo kama wengine. Banda halikung'aa tena kama zamani, wala halikuingiza fedha nyingi kama zamani. Chemchemi ilichukua majira mawili ya mvua kurudia uangavu wake, maana kitu kinachochafuliwa kwa asubuhi moja hakisafiki kwa asubuhi moja.

Siku moja yule mama akaja tena na chupa ile ile. Safari hii niliweza kusali. Nilipomaliza akanikabidhi, akasema, "Kunywa, Baba." Nikanywa mbele yake.

Ndugu wapenzi, Ezekieli alisema Mungu atahukumu kati ya kondoo na kondoo. Kabla ya siku hiyo, kila mmoja wetu na awe tayari kunywa maji ya jirani yake aliye chini.